Sifuri ya Gatini

Binti alipoitandaza ramani juu ya meza ya kukatia nguo, baba yake alilazimika kusogeza mkasi, chaki na suruali ya mteja iliyokuwa bado na mguu mmoja. Hakulalamika. Siku nyingine yoyote Fundi angefoka, maana meza ile ilikuwa himaya yake na hata mkewe hakuthubutu kuiwekea kikombe. Lakini mchana huo mwanawe wa kwanza alikuwa ameleta nyumbani kazi ya miezi kumi na minne, na Fundi alikuwa ameshawatangazia majirani wa pande zote mbili pamoja na yule wa ng'ambo ya barabara ambaye hawasemezani.

"Haya, Profesa," alisema. "Tusomeshe."

Binti akawasomesha. Alifanya kazi katika kituo cha tahadhari ya tsunami, kwa mkataba wa muda. Jumamosi ramani ile ingekabidhiwa hadharani, na baada ya hapo angepewa ajira ya kudumu. Mkurugenzi alikuwa ameahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Fundi alitaka kujua maji yanapata wapi nguvu ya kupanda nchi kavu siku ambayo hakuna hata upepo. Binti akachukua vipande viwili vya turubai, akakisukuma kimoja chini ya kingine. Chini ya bahari, alisema, ardhi imegawanyika mapande makubwa, na pande moja linajipenyeza chini ya jingine polepole, kwa mwendo wa kucha inavyokua. Yakinasana, lile la juu linajikunja na kuvumilia miaka mia, hata mia mbili. Siku likishindwa, linafyatuka. Akaachia turubai, na pini za baba yake zikaruka hadi sakafuni.

"Sakafu ya bahari ikipanda mita tatu, maji yote yaliyo juu yake yanapanda nayo, kutoka chini kabisa mpaka juu. Si wimbi la upepo linalokwaruza juu juu. Ni bahari nzima imenyanyuliwa, na inataka kurudi mahali pake."

Kule kilindini, aliendelea, wimbi hilo linakwenda kasi ya ndege, na aliyeko melini halioni. Likifika maji madogo, mbele linapunguza mwendo lakini nyuma bado linakuja, basi yanarundikana na kuinuka. Na kompyuta je? Kompyuta alikuwa ameikatia bahari na mji mzima kuwa viraba vidogo vidogo, zaidi ya milioni, kila kiraba kikaambiwa kina chake au urefu wake. Kisha anatengeneza tetemeko la uongo, na kila kiraba kinampa jirani yake maji, sekunde kwa sekunde, mpaka yatakapokoma. Hesabu ilionyesha wimbi la kuogopwa zaidi lingepanda mita sita na nusu. Shule ilikuwa kwenye mita nane.

"Kumbe unashona bahari," Fundi alisema, akaridhika kabisa.

Kitindamimba wao, msichana wa miaka tisa, hakujali bahari. Alikuwa akiitafuta shule yake, akaipata, imepakwa kijani kibichi. Dada yake akamweleza kwamba kijani ni salama: siku ya hatari wanafunzi wote watabaki uwanjani pale pale, na watu wa mitaa ya chini watakimbilia kwao. Kitindamimba akauliza kama hao wageni wataruhusiwa kukalia madawati. Wakacheka.

Mama yao hakucheka, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakusikia. Bandarini walimwita Mama Rula. Alikuwa ameinamia sehemu ya gati, akitafuta kama wamekichora kibanda chake. Walikuwa wamekichora, nukta moja tu, na pembeni yake namba tano.

"Hii tano ni nini?"

"Urefu wa gati, Mama. Mita tano juu ya usawa wa kati wa bahari. Yaani maji yakiwa hayajajaa wala hayajapwa."

Mama Rula akaitikia ahaa, akaenda kuchemsha chai. Ilipita nusu saa kabla hawajagundua kwamba birika liko juu ya jiko na jiko halijawashwa.

* * *

Kazi yake ilikuwa kusoma rula. Ilikuwa bamba refu la chuma lililopigiliwa kwenye nguzo ya gati, limechorwa mita na sentimita, na kila saa Mama Rula aliandika maji yamefika wapi. Kulikuwa na mashine pia, ya kisasa, lakini ilizibwa na makome mara kwa mara na ikaanza kusema uongo, na daftari lake ndilo lililoisuta. Alikuwa na miaka ishirini na minne pale. Wapagazi walimtania kwamba analipwa kwa kutazama maji, kazi ambayo hata paka angeweza. Aliwaacha wacheke. Elimu yake ilikomea darasa la saba, lakini kama kulikuwa na mtu mjini mle aliyeyajua maji yale kwa tabia zake zote, alikuwa yeye.

Na gati lake halikuwa mita tano juu ya maji ya kati. Asubuhi iliyofuata alisubiri mpaka rula iliposoma mbili, ndiyo kati yenyewe, kisha akateremsha utepe wa mumewe kutoka ukingoni, umefungwa nati nzito. Utepe wa fundi cherehani hupima mtu, haupimi gati, uliishia hewani. Akaunga na wa pili. Mita tatu kamili. Akapima tena upande wa pili wa nguzo. Tatu.

Akaketi juu ya chuma cha kufungia meli. Ile tano aliijua. Ilikuwa tano ya rula, inayohesabiwa kutoka sifuri ya rula, na sifuri hiyo iko chini kabisa, mahali ambapo maji hufika siku chache tu kwa mwaka yakipwa sana. Alipokuwa mgeni kazini, wapimaji wa halmashauri walikuja kupima urefu wa mji, na walianzia kwenye sifuri hiyo. Yeye ndiye aliyewashikia mti wa kupimia, akapanda nao kilima mpaka ngazi za shule. Nane, walisema, akaandika mwenyewe. Nane kutoka sifuri ya gatini. Basi juu ya maji ya kati shule ilikuwa na mita sita tu, na maji ya bamvua, yanapojaa kupita siku zote, zinabaki nne. Wimbi la mwanawe lilipanda sita na nusu.

Alirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye jalada la daftari. Watoto mia sita na kumi na wawili, wameambiwa wabaki uwanjani.

* * *

Alikwenda kituoni moja kwa moja, na buti zake za mpira. Msichana wa mapokezi alimtazama miguuni kabla ya usoni, akamwelekeza mlango wa nyuma wanakoingilia watu wa usafi. Mama Rula akasema yeye hakuja kufagia. Wakati wanabishana, Mkurugenzi akatokea na wageni watatu wenye suti, na Binti nyuma yao amebeba mafaili.

Mama Rula alisalimia, akaomba radhi, akasema ile ramani ya Jumamosi ina kasoro kwenye urefu wa nchi kavu. Mkurugenzi alitabasamu tabasamu la kuwekea wageni. Alimweleza kwa upole mwingi kwamba hesabu zile zilifanywa na kompyuta yenye nguvu kuliko mitambo yote ya bandari, na kwamba wataalamu wanne walizipitia. Kisha akamgeukia Binti na kuuliza kama anamfahamu.

Binti alizitazama zile buti.

"Ni mfanyakazi wa bandarini," alisema. "Anasoma rula."

Hakuna neno la uongo hapo, na hilo ndilo lililomchoma Mama Rula. Walimpa chai kwenye kikombe cha plastiki, katika chumba cha madereva, wakamwambia asubiri kidogo. Alisubiri mpaka chai ikapoa na madereva wakaenda zao.

* * *

Jua lilikuwa bado juu Binti alipofika nyumbani, na alianza kusema kabla hajavua viatu. Alisema ameaibishwa mbele ya watu waliokuja kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe. Alisema kama kuna jambo, si wangezungumza nyumbani.

"Ningezungumza na nani?" Mama Rula aliuliza. "Kule hukuwa na mama. Sawa. Mimi sikuja kama mama yako, nilikuja kama msoma rula. Na hata huyo hukumsikiliza."

Fundi alisimamisha cherehani. Alikuwa mtu wa mzaha, na ugomvi wa wanawake hao wawili ulimtisha kuliko mkaguzi wa kodi. Lakini mkewe alikuwa amemsimulia yote tangu mchana, na tepe mbili zilizofungwa fundo zilikuwa bado mezani.

"Profesa, nisaidie hapa," alisema. "Mteja kapimwa mkono na mtu mwingine, kuanzia shingoni. Namba ninaletewa mimi, na mimi nakata kuanzia begani. Koti linatoka vipi?"

"Baba, tafadhali."

"Linatoka vipi?"

"Mkono unakuwa mrefu."

"Na namba si ile ile?"

Mama Rula aliona uso wa mwanawe unabadilika, na hasira zikamtoka bila kuaga, kwa sababu uso ule aliujua tangu ulipokuwa wa mtoto anayegundua kwamba amepoteza kitu. Binti akafungua kompyuta yake, akatafuta karatasi za zamani za halmashauri, alikotoa urefu wa kila mtaa. Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa mkono: urefu wote umepimwa kutoka sifuri ya gatini. Alikuwa ameuona mara nyingi. Alidhani sifuri ya gatini ni usawa wa bahari tu, kwa jina la watu wa zamani. Wataalamu wanne nao walidhani hivyo, na si ajabu, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama gatini maji yakiwa yamepwa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Sifuri yako iko wapi?"

"Chini sana, mwanangu. Ikionekana, unaona na chupa za watu."

Wakakaa wote mezani. Mama Rula alisoma kutoka madaftari yake, Binti akaingiza: maji ya kati, maji ya kupwa, maji ya bamvua ya miaka ishirini na minne. Akaondoa mita mbili kwenye kila kiraba cha nchi kavu, akaweka bahari ikiwa imejaa, kisha akalifyatua lile tetemeko la uongo upya. Hesabu ilichukua saa nzima. Hakuna aliyekula vizuri.

Rangi ya buluu ilipita gati, ikapita soko, ikapanda barabara ya mahakama, ikaingia lango la shule na kuujaza uwanja. Binti akabonyeza uwanjani. Mita mbili na nusu.

Kitindamimba alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake, na urefu wake ulikuwa mita moja na robo.

Binti akalia. Alilia kwa aibu na kwa woga pamoja, akamwomba mama yake msamaha kwa ramani na kwa kile kikombe cha plastiki. Mama Rula akamwambia cha kikombe kimekwisha, afute machozi, cha ramani bado.

* * *

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuchapisha mabango mia tatu. Ijumaa aliyasikiliza maelezo yote, akakubali kwamba hesabu mpya ni sahihi, akasema sherehe ifanyike kama ilivyopangwa na marekebisho yafuate kimya kimya, labda baada ya bajeti. Binti akauliza tetemeko litasubiri bajeti? Akaambiwa achunge ulimi, ajira yake ilikuwa mezani.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa viti vya kukodi. Wageni rasmi walikaa kivulini, wazazi juani. Mama Rula na Fundi walikuwa safu ya tisa, yeye amevaa viatu vya harusi vilivyombana. Binti alipoitwa kukabidhi ramani, alikwenda nayo kwenye kipaza sauti ikiwa imekunjwa, na hakuikunjua.

"Ramani hii nimeitengeneza mimi," alisema, "na ina makosa. Makosa ni yangu. Imeandika kwamba hapa mlipokaa ni salama. Si salama. Maji yakija bahari ikiwa imejaa, yatawafunika watoto hapa." Akaelekeza kidole kwenye viti vya wazazi. "Aliyegundua ni mama yangu. Yuko pale safu ya tisa. Ni msoma rula wa bandarini, na alikuja ofisini kutuambia, mimi nikaona haya kusema ni mama yangu. Namwomba radhi mbele yenu. Na nawaomba msiichukue ramani hii."

Minong'ono ikapita uwanja mzima. Mkurugenzi alikuwa akichunguza kucha zake. Mama Rula alihisi macho ya watu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukumbuka kwamba viatu vinambana. Mwalimu Mkuu, mama mnene wa maneno machache, akasimama na kuuliza swali alilopaswa kuuliza: sasa waende wapi?

Binti alianza kusema kwamba itabidi wafanye hesabu zaidi. Mama Rula akainuka.

"Kwenye matangi ya maji, juu kileleni," alisema. "Ishirini na tatu, mwalimu. Ukitoa mbili zetu, ishirini na moja. Nilipanda na mti wa kupimia mwenyewe."

Mwalimu Mkuu hakungoja bajeti ya mtu. Akapiga filimbi pale pale, wanafunzi wakapanga mistari, na shule nzima ikapanda kilima kwa mguu, wazazi nyuma yao, wageni rasmi wakibaki na viti vyao vya kukodi. Dakika kumi na tisa. Jumatatu wakarudia, kumi na saba. Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa, na walipofika kumi na nne Mwalimu Mkuu akasema sasa inatosha kidogo.

Ramani mpya ilitoka baada ya wiki tatu, nayo iliandikwa chini kabisa kwamba vipimo vya maji ni vya msoma rula wa gati. Ajira ya kudumu haikutoka. Binti aliongezewa miezi sita ya kuangaliwa mwenendo, na kiti chake kikahamishiwa karibu na choo. Fundi aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepewa ofisi ya pembeni.

* * *

Tetemeko lilikuja Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya bamvua. Mama Rula alikuwa ndani ya kibanda. Kwanza vikombe vilianza kugongana, kisha gati lote likawa linakwenda na kurudi chini ya miguu yake. Akashika mlango akahesabu, kama alivyofundishwa na mwanawe: likipita nusu dakika, ondoka. Alifika sabini na tano kabla halijatulia. Aliitazama rula mara moja, akaandika tatu nukta tisa, akatia daftari kifuani na kuondoka, akiwaita wapagazi wote kwa majina yao na kwa matusi aliyokuwa amewawekea kwa miaka ishirini na minne. Safari hii hakuna aliyemtania. Walimfuata.

King'ora kilimkuta barabara ya mahakama. Fundi alikuwa kwenye kona akimngoja, amevaa koti la mteja juu ya shati lake kwa sababu hakupata pengine pa kulibeba. Walipanda pamoja. Mbele yao, juu kwenye njia ya matangi, waliona mstari wa sare za shule ukipanda, hausukumani.

Kutoka juu waliona bandari ikikauka. Maji yalijikusanya yakarudi nyuma, yakapita sifuri yake, yakaacha matope na nanga za watu waliokwisha kufa. Kisha yakaja. Hayakuja kama ukuta. Yalikuja kama maji yanayojaa siku zote, ila hayakujua kukoma. Kibanda kilikwenda kwanza. Soko likafuata, na vibanda vya barabara ya mahakama, magari yakielea na taa zinawaka. Yakaingia lango la shule, yakajaza uwanja, yakapanda madirisha, yakafika juu ya milango. Yakasimama mtaa ule ule buluu ya ramani mpya ilipoishia, na nyumba ya kwanza ng'ambo ya mstari ilibaki na nguo zake kavu kwenye kamba.

Mwalimu Mkuu hakutazama maji. Alikuwa na rejista. Waliofika shuleni asubuhi ile walikuwa mia tano tisini na wanane, na hesabu yake ilitoa mia tano tisini na saba. Akahesabu tena. Tisini na saba. Wazazi walikuwa wameshaanza kusukumana wakitafuta wao. Mama Rula alimwona kitindamimba wake kwenye mstari wa darasa la nne, akamshika mkono, na bado moyo haukutulia, kwa sababu huyo mmoja alikuwa wa mtu.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akasema, "na huyo mgongoni?"

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amembeba mtoto mwenye mguu wa plasta tangu shuleni, akawapanga wenzake, akawahesabu wote, na yule wa mgongoni akamsahau. Mtoto alikuwa amelala. Mwalimu akaketi chini naye vile vile alivyo, na watu waliokuwa karibu wakacheka huku wanalia, kelele zikasambaa kilima kizima, na Fundi akamkumbatia yule jirani wa ng'ambo ya barabara kabla hajakumbuka kwamba hawasemezani.

Simu ya Mama Rula iliita mara nne ikikatika. Ya tano ikashika. Nyuma ya sauti ya Binti ilisikika ya Mkurugenzi akisoma mawimbi yanayofuata, na watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

"Mama. Shule. Niambie wamefika wangapi."

"Wapo wote, mwanangu. Mia tano tisini na wanane. Mwalimu kawahesabu mara tatu."

Mama Rula alimsikia mwanawe akilia. Basi akainama, akaiweka simu kwenye sikio la kitindamimba, akamwambia amsemeshe dada yake.

Mtoto alisikiliza kidogo.

"Dada," akasema, "usilie. Mimi nipo hapa."